Kwaya ya Bega la Kushoto

Nina mtu wa kumshukuru, na taabu ni kwamba hataki kushukuriwa. Nikianza tu, yeye anaomba chumvi. Nikiendelea, anaondoka mezani kwenda kuangalia kama mlango umefungwa. Basi nitamshukuru hapa, kwenu, na yeye akitaka aende akaangalie milango yote ya mtaa.

Mtu mwenyewe ni mkwe wangu, mume wa binti yangu. Siku alipokuja kuposa aliamkia, akashukuru kwa kiti, na alipoulizwa kazi yake akasema, "Mwandishi wa habari, Mama." Halafu akanyamaza akaangalia viatu vyake. Yaliyobaki yote aliyasema shangazi yake. Nikamnong'oneza dada yangu, "Mwandishi wa habari gani huyu asiye na habari?" Nikampachika jina palepale, Kimya, na ndilo jina lake mpaka leo. Hata watoto wa jirani wanamwamkia, "Shikamoo, Baba Kimya."

Sasa mimi na kunyamaza hatujawahi kukutana. Mimi ni fundi cherehani, na kibanda changu kiko pembeni ya barabara, kila apitaye anasimama. Mguu unakanyaga cherehani, mdomo unakanyaga watu. Nasema hivyo kwa kuwa najijua, na kwa kuwa najijua ndiyo maana siku ile ya posa niliweka sharti. Niliona hatari: nyumba yenye mdomo kama wangu inaletewa mtu wa gazeti!

"Mwanangu," nikamwambia mbele ya wote, "binti utapewa. Lakini mimi sharti langu ni moja. Kwenye meza yangu tunaongea. Tunamsema mteja, tunamsema jirani, wakiisha tunasemana wenyewe. Ukisikia la kukufaa, nenda kalifuatilie, kazi yako siwezi kukuzuia. Ila aliyelisema usimtaje. Si kwa bosi wako, si kwa polisi, si kwa mkeo kitandani. Hata wakuchome moto."

Shangazi yake alicheka mpaka kilemba kikalegea. Dada yangu akasema, "Jamani, huyu anaozesha au anaapisha rais?" Kimya hakucheka. Aliinua uso, mara ya kwanza tangu aingie, akasema, "Naahidi, Mama." Nikasema vizuri, nikaagiza chai, na ilipofika mezani nilikuwa nimeshasahau nilichosema. Ndivyo nilivyo. Kusema na kusahau kwangu ni kazi moja.

Akamwoa binti yangu, wakapanga chumba cha uani kwangu, wakawa wanakula kwangu. Kijana hana neno. Anaosha sahani yake, ananibebea majora ya vitambaa, na nikiongea anasikiliza, kitu ambacho marehemu mume wangu hakukiweza hata wakati wa fungate. Lakini kucheka? Anatabasamu tu. Kucheka kwa sauti nilimsikia mara moja, na ile mara nitawaeleza, maana ilinipa sifa nikaringa nayo wiki nzima.

Dalali mmoja aliniletea kazi ya mashati, rangi ya samawati, mzigo mkubwa. Akaja na mtu mmoja wa kupimwa. Mtu mpole, mrefu, ila bega lake la kushoto limeshuka, kama vile amebeba ndoo ya maji tangu utotoni na hakuna aliyemwambia aitue. Nikampima. Nikamuuliza dalali, "Na wengine?"

"Shona yote kwa vipimo vya huyu."

"Watu hawafanani, baba. Hawa ni watu gani?"

"Fundi, wewe shona. Maswali waachie wenye kazi ya kuuliza."

Ala! Mimi huyu, kwenye kibanda changu, na futi ya kupimia ikiwa shingoni mwangu! Yule wa kupimwa alinitazama kwa aibu kama anayeniombea msamaha. Nikasema sawa. Mmetaka vipimo vya huyu, mtavipata. Nikakata mashati yote, moja baada ya jingine, bega la kushoto limeshuka. Nikayashona vizuri, nikatia ile pembetatu yangu ndogo ya uzi ninayoitia kwenye kona ya kila mfuko ninaoushona, nikayakabidhi. Dalali hata hakuyakunjua.

Jioni hiyo mezani nikasimulia. Si kusimulia tu, nikasimama. Nikasema hiyo lazima ni kwaya, maana ni nani mwingine anayeshonewa sare bila kuambiwa sababu? Nikashusha bega la kushoto, nikaingia kutoka jikoni kwa hatua za kwaya, nikiimba sauti ya nne, na mwiko mkononi. Kimya alipaliwa na chai. Alicheka! Alicheka mpaka binti yangu akawa anampiga mgongoni, machozi yanamtoka, na kila akiniangalia bega anaanza upya. Nilijiona mchekeshaji wa taifa.

Alipotulia akauliza, "Samawati, Mama? Mfuko mmoja?"

"Mmoja. Unataka nikushonee?"

"Hapana, Mama," akasema. "Asante." Akamaliza chai yake, akatoka kwenda kupunga upepo, na mimi nikageukia habari nyingine, nadhani ilikuwa ya jirani na kuku wake.

Ikapita miezi, akatoa habari yake kubwa. Kampuni moja ya ulinzi ilikuwa inalipwa kulinda zahanati zote za wilaya, mchana na usiku. Kimya akaonyesha kwamba walinzi wengi ni majina tu. Majina yanapokea mishahara, zahanati zinalala wazi, dawa zinaibwa, na wajawazito wanafika kwenye geti lisilo na mtu. Alipata karatasi za malipo, akazungumza na wauguzi, kila kitu kimepangwa. Mimi nililibeba gazeti kibandani, nikalitundika kwa pini za nguo. Kila mteja alisomewa, atake asitake. Na ndani ya habari nzima hapakuwa na neno hata moja kuhusu shati. Kwa hiyo sikuwaza chochote. Kwaya na zahanati zinakutania wapi?

Kampuni ikamshtaki kwa kuwachafulia jina. Wakasema kuna msaliti ndani ya ofisi yao, bwana mkubwa fulani aliyewauza, na Kimya amtaje. Mhariri wake alikuja nyumbani akiwa amevaa suti inayombana, nikamwangalia mishono nikamhurumia. Akatuambia, "Hata mimi hajaniambia nani alimwamsha kwenye jambo hili. Karatasi najua zilikotoka. Lakini wa kwanza, aliyemfungua macho, hamtaji."

Siku ya mahakama tulikwenda mimi na binti yangu, tumbo lake wakati huo likiwa limeshaanza kumtangulia mlangoni. Chumba kilikuwa kidogo, feni inalia kuliko inavyopuliza, mabenchi yamesuguliwa na makalio ya watu wenye wasiwasi. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani puani, sauti yake ya chini lakini inafika.

"Nimekuamuru umtaje mtu aliyekupa habari ya kwanza," akamwambia Kimya. "Kampuni inadai haina njia nyingine ya kujua ukweli wa mambo haya. Unamtaja?"

"Hapana, mheshimiwa. Samahani. Nilimwahidi."

"Unaelewa kwamba kukataa amri yangu ni kudharau mahakama?"

"Naelewa. Siidharau, mheshimiwa. Ila niliahidi."

"Basi utakaa mahabusu mpaka utakapomtaja."

Mpaka! Si mwezi, si miwili, mpaka! Binti yangu alinishika mkono akaubana. Na mimi, damu ikanipanda kichwani, nikajikuta nimesimama. Nikageukia benchi za nyuma, walikokaa watu wa kampuni na tai zao, nikapaza sauti:

"Kama umo humu ndani, wewe uliyemwambia, simama! Simama tukuone, mwoga mkubwa wewe! Umemponza mtoto wa watu, halafu umekaa unatazama? Huna haya? Simama!"

Watu wote wakageuka kuniangalia. Nami ndiye pekee niliyekuwa nimesimama. Namkumbuka Kimya wakati ule, ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia, na nikazidi kupandwa na hasira.

"Mama," hakimu akasema, "kaa. Kudharau mahakama si kukataa kusema peke yake. Hata kusema bila ruhusa ni dharau. Nikikusikia tena humu ndani, utamfuata mkweo."

Nikakaa. Lakini sikunyamaza. Nilinyamaza mle tu.

Nje nilimsema yule mtu mtaa mzima. Kibandani nilimsema, sokoni nilimsema, kwenye foleni ya maji nilimsema mpaka wenye ndoo wakanipisha nichote niondoke. Nilimjengea sura kabisa: mnene, ana tai nyekundu, anakula vizuri, analala kwenye kitanda laini huku mkwe wangu analala sakafuni. Nilimwombea tumbo la kuendesha.

Siku za kuwaona mahabusu nilimpelekea chakula. Askari jela mmoja, mama mwenye umri wangu, alikuwa anakichokoa chakula kwa kijiko kutafuta visu, ila alikichokoa kwa adabu, asikivuruge. Siku moja akaniambia pembeni, "Mkweo nimempa blanketi la pili. Usinishukuru, usiseme." Nikamshukuru na nikasema. Tabia haina dawa.

Tuliongea kupitia wavu. Amekonda, kola ya shati inamzunguka shingo bila kuigusa.

"Mtaje," nikamwambia. "Mkeo anakaribia kujifungua. Unataka mtoto azaliwe baba yuko humu?"

"Sitaki, Mama."

"Basi mtaje huyo mwoga!"

"Si mwoga, Mama. Ni mtu mwema sana. Ana mdomo tu."

"Kama ana mdomo, mbona sasa kaufunga?"

Akaangalia chini, tabasamu limemkaa pembeni ya mdomo. "Hata mimi nashangaa," akasema.

Nilitaka kumzaba kibao kupitia wavu. "Hivi huyo mtu akitajwa atafanywa nini? Atanyongwa?"

Akawa makini. "Watasema alishiriki, Mama. Watasema alikuwa akiwafanyia kazi na alijua. Wale watu wana mawakili wengi na hawana huruma. Huyo mtu atapoteza kazi yake, na mimi nitakuwa nimempoteza yeye. Na kuna muuguzi fulani juzi alikuwa anataka kuniambia jambo jingine. Akisikia nimemtaja mmoja, ataniambia tena?"

Nikamgombeza kwa sababu hali chakula vizuri.

Nyumbani, binti yangu alikuwa anakunja nguo za mtoto, anazikunjua, anazikunja. Hakuwahi kumlaumu mumewe. "Mama, mimi niliolewa na mtu ninayeweza kumwambia kitu," alinijibu siku moja nilipomsukuma sana. "Nikitaka abadilike leo, kesho nitamwambia nini?" Nikamwambia hayo ni maneno ya watu wasio na uchungu wa kuzaa bado. Lakini usingizi wangu wa siku ile haukuwa mzuri, na nilipoamka nilikuwa na hofu moja tu: uchungu utaanza na yeye hayupo.

Kesi ikarudi. Safari hii kampuni ilikuja imevimba. Wakili wao akasimama akasema, "Mheshimiwa, mshtakiwa anadai walinzi hawapo. Tumewaleta. Wameacha malindo yao asubuhi hii ili mahakama iwaone kwa macho."

Mlango ukafunguliwa, wakaingia kwa mstari.

Jamani. Jamani, jamani. Niwaambieje?

Wa kwanza aliingia amevaa shati la samawati. Wa pili naye, na waliofuata nao. Wafupi, wanene, mmoja kijana mwembamba kama ufagio, na wote, wote kabisa, bega la kushoto limeshuka. Yule mnene shati limemkaba upande mmoja na upande mwingine limemning'inia. Mfupi mikono imemfunika vidole. Wakajipanga mbele ya hakimu kama picha iliyotundikwa vibaya ukutani. Watu wakaanza kucheka chinichini. Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mimi sikucheka. Macho yangu yalikuwa kwenye mifuko. Kila mfuko una pembetatu ndogo kwenye kona. Uzi wangu, mkono wangu.

Na mwisho wa mstari alisimama mtu mmoja mrefu, mpole, ambaye shati lilimkaa kama limemwagwa mwilini mwake. Ndiye niliyempima.

Wakili wa kampuni, bila kujua kilichokuwa kinaendelea nyuma ya mgongo wake, akamgeukia Kimya. "Walinzi hawa hapa. Sasa tuambie, ni nini hasa kilichokufanya uanze kutilia shaka kampuni ya watu?"

Kimya akafikiri. Alikuwa anachagua maneno kama mtu anayetoa mifupa kwenye samaki wa mtoto.

"Nilicheka," akasema.

"Ulicheka?"

"Siku moja nilicheka sana. Halafu siku nyingine nilikwenda mahali, nikaona kitu, na sikuweza kucheka tena. Zaidi ya hapo siwezi kusema."

Moyo ulinipasuka pa! Nikakumbuka chai ikimpalia, binti yangu akimpiga mgongoni. Nikakumbuka mwiko mkononi mwangu, na lile swali lake, samawati, mfuko mmoja? Nikakumbuka kwamba wiki ile alimpeleka mkewe zahanati kupimwa; lazima getini alimkuta mtu wa bega lile, akajua mzigo mzima wa mashati una mlinzi mmoja. Nikakumbuka hata posa, na shangazi yake akicheka, na mdomo wangu huu ukisema hata wakuchome moto.

Yule mnene wa tai nyekundu niliyemlaani kwenye foleni ya maji, yule mwoga, yule asiye na haya, alikuwa mimi. Nililala kitandani kwangu na yeye amelala sakafuni kwa ajili yangu, nikampelekea chakula na matusi kwenye bakuli moja, na hakunijibu hata kwa jicho. Sikujua mtu anaweza kupendwa hivyo na mkwe. Wengine hawapendwi hivyo na watoto waliowazaa.

Miguu ikasimama yenyewe. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Neno la kwanza lilikuwa "mimi", naapa lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Kimya akaniona. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Alinitazama tu, kwa macho yale ya siku ya posa alipoinua uso, na nikaelewa kwamba nikisema, basi siku zote zile za sakafuni nimezitupa jalalani. Alikuwa amenipa kitu kikubwa, na kazi yangu pekee ilikuwa kukipokea kwa kufunga domo. Mimi! Mungu naye ana utani.

Kisha nikaona macho mengine. Yule mtu mpole wa bega alikuwa ananitazama. Alinitambua. Alijua fundi aliyempima, na sasa alijua fundi huyo amekaa upande wa nani. Bosi wake alikuwa hatua chache kutoka kwake. Akatazama juu, kwenye feni, kama mtu ambaye hajawahi kuniona maishani mwake.

"Mama," hakimu akasema, "ni wewe tena?"

Chumba kizima kikanigeukia. Binti yangu akanivuta gauni.

"Samahani, mheshimiwa," nikasema. "Mguu umekufa ganzi."

"Ukae nao."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Nikakaa, nikauma leso yangu. Sijawahi kubeba mzigo mzito kama neno lile. Jasho lilinitoka kama nimepandisha jora la kitambaa kilimani.

Hakimu akageukia mstari. Hakumuuliza wakili, aliwauliza wenyewe. Akamwuliza yule mnene analinda wapi. Akataja zahanati. Geti lake linaelekea wapi? Mnene akatazama dari. Akamwuliza kijana mwembamba anapokezana na nani. Kijana akasema, "Na huyu," akimwonyesha mfupi, na mfupi akasema, "Mimi?" Watu wakaangua kicheko, na hakimu akagonga meza.

"Wewe," akamwambia yule wa mwisho. "Shati lako ndilo pekee linalokutosha. Hawa ni wenzako?"

Meneja wa kampuni alikohoa. Mtu mpole akamtupia jicho. Nilijua anawaza nini, kila mtu mwenye kazi moja na nyumba moja angewaza hivyohivyo.

"Mheshimiwa," akasema, "mlinzi ni mimi. Asubuhi zahanati hii, mchana ile, usiku nyingine, na nyingi hazina mtu. Hawa nimewaona leo asubuhi kwenye gari. Wamepewa mashati humo njiani." Akaongeza, "Nimechoka, mheshimiwa."

Wakili wa kampuni akaanza kusema, hakimu akamwinulia mkono. Akaandika kwa muda, sisi tukisikiliza feni. Kisha akasema, kwa sauti yake ile ya chini:

"Niliamuru jina litajwe kwa sababu niliambiwa hakuna njia nyingine ya kujua ukweli. Ukweli umeingia kwa mlango ule pale, kwa mstari. Sihitaji jina tena. Amri ya kumweka huyu bwana mahabusu naifuta. Kesi ya msingi tutaendelea nayo, na kampuni ijiandae kueleza mishahara ya majina haya." Akamtazama Kimya juu ya miwani. "Ulinikera, bwana. Lakini huyo mtu wako, popote alipo, ana bahati."

"Asante, mheshimiwa," Kimya akasema.

Mimi nilikuwa na leso mdomoni.

Nje, kabla sijamkumbatia mkwe wangu, nilimfuata yule mlinzi. Nilimkuta amesimama kwenye ngazi, anavua lile shati, ndani ana fulana iliyochakaa. Sikuweza kumwambia lolote la wazi. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikasema, "Asante, mwanangu. Kwa ukweli wako." Akasema, "Asante nawe, Mama. Hakuna aliyewahi kunishonea shati likanitosha." Kazi kampuni ilimfukuza siku hiyohiyo, lakini zahanati nayo ikamwajiri yenyewe, moja tu, geti moja. Nguo zake nashona mimi mpaka leo, na wala hazungumzi habari za malipo mbele yangu, maana anajua nitamfokea.

Jioni ile nyumba ilijaa. Mhariri alikuja, wenzake wa gazetini wakaja, dada yangu akaja na midomo yake. Yule askari jela alituma salamu, na blanketi lake nikalifua nikalirudisha na foronya mpya juu. Watu walipoondoka tukabaki watatu mezani, na wa nne yuko tumboni anapiga mateke. Kimya alikula taratibu, kila tonge kama analitambulisha kwanza. Mimi nilimwangalia. Binti yangu alikwenda kuweka maji ya kuoga.

"Mwanangu," nikaanza, "mimi nataka kukushukuru."

"Naomba chumvi, Mama."

Nikampa. "Kile ulichokicheka. Kilikuwa kitu gani?"

"Siwezi kusema."

"Hata kwangu?"

"Niliahidi, Mama." Akanyunyiza chumvi. "Niliambiwa nisiseme hata nikichomwa moto."

"Na nani?"

"Mwenyewe anajijua."

Mnasikia? Alinificha hata mimi mwenyewe! Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nililia, sifichi. Nililia kwenye sahani yangu kama mtoto, na yeye akajifanya hakuona, akaenda kuangalia mlango.

Mjukuu wangu alizaliwa siku chache baadaye, na baba yake ndiye aliyembeba kutoka wodini. Kampuni ile haipo tena, kesi imekwisha, dalali haonekani, kwa hiyo siri ni yangu na nimeamua kuitoa mwenyewe. Yeye bado hajanitaja. Mkewe akimwuliza, anaomba chumvi.

Ila niwarudishe nyuma kidogo: asubuhi, kesho yake baada ya yeye kutoka mahabusu, nilimwita kibandani. Nilikuwa nimetenga kitambaa changu kizuri kuliko vyote, cheupe, nilichokuwa nakiweka kwa ajili ya siku ambayo sikuijua. Nguo zake zote zilikuwa zimempwaya.

"Simama wima nikupime," nikamwambia, nikamzungushia futi.

Akasimama, mikono chini, kimya kama kawaida yake. Barabarani wanapita watu, wanasalimia, nami siitikii, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nikaweka futi kwenye bega la kulia, nikaivuta kuelekea la kushoto.

"Mama," akasema, bila kugeuka.

"Naam, mwanangu."

"Pima yote mawili. Usinitie kwenye ile kwaya."